Maswali na Majibu: Ubaguzi wa Ulaya haukuishia mpakani

Tangu niandike kuhusu sheria za ubaguzi wa rangi za Marekani, maswali yamekuwa mengi kuliko nafasi niliyonayo. Nimechagua haya.

Nimepata nafasi mbili za kusoma shahada ya uzamili, moja Marekani na moja Uholanzi. Nchi ipi haina historia mbaya ya ubaguzi? – Mwanafunzi, Mwanza

Hakuna. Swali hili hunijia kila mara, na anayeuliza huwa ameshaamua kwamba Ulaya ni salama na Marekani ndiyo yenye dhambi. Mnaijua dhambi ya Marekani kwa sababu ilitendeka nyumbani kwake, mbele ya mahakama zake na magazeti yake. Kati ya Waafrika zaidi ya milioni 12 waliopakiwa melini kuvushwa Atlantiki, wasiofika 400,000 ndio waliopelekwa moja kwa moja kwenye ardhi inayoitwa Marekani leo. Wengine waliosalimika safarini walishushwa Brazili ya Wareno, Jamaika ya Waingereza, Haiti ya Wafaransa, Suriname ya Waholanzi. Ulaya iliweka mashamba yake ya watumwa ng'ambo ya bahari, faida ikarudi nyumbani bila kilio cha mtu kusikika.

Uholanzi ilifuta utumwa Suriname tarehe 1 Julai 1863. Fidia walipewa wenye watumwa, na walioachiwa huru wakalazimishwa kufanya kazi miaka 10 zaidi chini ya uangalizi wa serikali. Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi 2023. Ukidhani hayo ni ya zamani, kumbuka Januari 2021: serikali nzima ilijiuzulu baada ya mamlaka ya kodi kuwaandama maelfu ya wazazi kwa tuhuma za kughushi madai ya posho ya kulea watoto, na mtu kuwa na uraia wa pili kukitumika kama sababu ya kumshuku.

Chagua chuo kwa kozi na ufadhili. Na ukifika, mwenye nyumba akikwambia chumba kimeshachukuliwa mara tu anapokuona, andika tarehe, saa na maneno yake siku hiyo hiyo. Wengi wenu hunilalamikia baada ya miezi sita mkiwa hamna hata karatasi moja mkononi.

Ni kweli Kanada haijawahi kuwa na utumwa? – Msomaji, Arusha

Si kweli. Ulikuwapo chini ya Wafaransa, ukaendelea chini ya Waingereza hadi 1834. Na mwaka 1946, huko Nova Scotia, Viola Desmond alitolewa kwa nguvu kwenye jumba la sinema na kulazwa mahabusu kwa kukaa kwenye viti vya Wazungu. Leo picha yake iko kwenye noti ya dola 10.

Mbona husemi kwamba Uingereza ndiyo iliyowafundisha wengine kuacha utumwa? – Mwalimu, Nakuru

Kwa sababu Haiti ilitangulia. Watumwa wenyewe walipigana wakajikomboa, wakatangaza uhuru 1804, miaka 29 kabla ya Bunge la London kupitisha sheria yake ya 1833. Sheria hiyo, mwalimu, iliwalipa wamiliki pauni milioni 20. Watumwa wapatao 800,000 hawakulipwa hata senti, na wakabakizwa kazini kwa jina la uanagenzi hadi 1838. Deni lililotokana na fidia hiyo lilimalizika kulipwa 2015, maana yake hata wajukuu wa watumwa wanaolipa kodi Uingereza walikuwa wakichangia.

Nawe uko Nakuru, kwenye ardhi ambayo serikali hiyo hiyo iliitenga kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Wazee wa huko wanakumbuka kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kukibeba, kimefungwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. London hapakuwa na sheria ya namna hiyo, na ndiyo maana Mwingereza anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba nchi yake haikuwa kama Alabama, jimbo la Marekani lililosifika kwa sheria za ubaguzi. Alabama yake ilikuwa Kenya. Mfundishe hivyo mwanafunzi wako wa kidato cha tatu.

Uingereza kwenyewe, hadi 1968 ilikuwa halali kumnyima mtu kazi au nyumba kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huo huo, Bunge lilitumia siku tatu tu kupitisha sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti halali za Uingereza. Aliyeruhusiwa kuingia bila kizuizi ni yule ambaye mzazi au babu yake alizaliwa Uingereza. Haikutaja rangi popote, na kila mtu alijua ni nani aliyekusudiwa.

Ufaransa haiandiki rangi ya mtu kwenye takwimu. Je, hiyo si dawa nzuri ya ubaguzi? – Msomaji, Bujumbura

Wanaoisifu ni wengi, mimi simo. Mgonjwa asiyepimwa hajapona. Ni kweli sheria ya 1978 inabana ukusanyaji wa taarifa za rangi na asili, na hofu yake ina msingi, kwa kuwa serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliwaorodhesha Wayahudi kisha orodha zikatumika kuwakamata. Lakini askari polisi hahitaji takwimu kuona ngozi ya mtu. Mwaka 2017 taasisi ya serikali ya kutetea haki ilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba vijana wa kiume wanaoonekana kuwa Waarabu au Weusi walikuwa na uwezekano mara 20 zaidi ya wengine wa kusimamishwa na polisi.

Tena nchi hiyo isiyoona rangi iliiona vizuri Oktoba 1961, ilipowawekea Waalgeria peke yao amri ya kutotoka usiku mjini Paris. Walipoandamana tarehe 17, polisi waliwaua makumi, wengine wakitupwa mto Seine. Mkuu wa polisi alikuwa Maurice Papon. Mwaka 1998 mtu huyo huyo alitiwa hatiani kwa kushiriki kuwapeleka Wayahudi wa Bordeaux kwenye kambi za kifo. Kiongozi mmoja, wahanga wa makundi mawili.

Ujerumani ubaguzi wake ulikuwa dhidi ya Wayahudi tu, sivyo? – Msomaji, Songea

Umeniuliza hili ukiwa Songea! Rais Steinmeier alikuja hapo Novemba 2023 kuomba msamaha kwa Vita vya Maji Maji, ambamo watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Namibia, Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama kati ya 1904 na 1908. Eugen Fischer alikwenda huko kuchunguza watoto wa damu mchanganyiko, kisha akawa mkurugenzi wa taasisi kubwa ya Berlin iliyowapa Wanazi sayansi yao ya uongo.

Na lisome jina hili kwa sauti: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto, akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili chuoni, akaigiza kwenye filamu zao. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia kambi ya Sachsenhausen 1944. Vijana wetu wanaokwenda Berlin hupiga picha kila mahali. Wachache hulitafuta jiwe lenye jina lake.

Na Waarabu je? – Wasomaji kumi na zaidi

Utumwa wa Unguja ulikuwa ukatili, nimeandika hivyo na nitaandika tena. Safu ya leo inahusu nchi za Magharibi. Kosa la jirani halifuti la mwenzake.

Binamu yangu yuko Minnesota. Anasema Weusi wa kule hulalamika mno, yeye kafika juzi na kanunua nyumba. – Msomaji, Moshi

Maneno haya yananiuma. Kuanzia 1934 serikali ya Marekani ilidhamini mikopo ya nyumba na kuvikwepa vitongoji vya Weusi. Ubaguzi huo ulipigwa marufuku Aprili 1968, siku saba baada ya Martin Luther King kuuawa. Sheria ya uhamiaji iliyoondoa upendeleo kwa Wazungu wa Ulaya ilipitishwa 1965, katika vuguvugu hilo hilo la haki za kiraia. Viza ya binamu yako na mkopo wake vilipiganiwa na watu anaowaita walalamishi, kabla yeye hajazaliwa.

Amweleze pia mwanawe habari za Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, aliyefyatuliwa na polisi risasi 41 mlangoni kwake New York, Februari 1999. Hakuwa na silaha. Alikuwa anatoa pochi.

Australia utaiandika lini? – Msomaji, Kisumu

Toleo lijalo. Nitaanza na mtihani wa imla wa 1901 uliotumika kuwazuia wahamiaji wasio Wazungu: maneno 50, kwa lugha yoyote ya Ulaya aliyoichagua ofisa, hata kama msafiri hajawahi kuisikia.