Kayaki mtoni wakati wa baridi: majibu kwa wanaoanza na wanaowaongoza

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji waishio Uingereza, na yote yanahusu mto Dart ulioko Devon, hasa kipande cha kutoka Newbridge hadi Holne Bridge, ambacho vilabu vingi huwapeleka watu wanaoanza kuyazoea maji ya kasi.

Kwa nini tunaitwa mtoni Desemba na Januari badala ya kungoja joto?

Dart hutegemea mvua inayonyesha kwenye nyanda za juu za Dartmoor, na majira ya joto maji hupungua hata kayaki ikakwaruza mawe. Isitoshe, England haina sheria inayompa kila mtu haki ya kupita katika mito kama ile ya Scotland ya mwaka 2003, kwa hiyo desturi katika mto huu ni kushuka kati ya Oktoba na Machi, ili wavuvi nao wapate msimu wao.

Nimepiga kasia kwenye Nile, Jinja, na nimepinduka mara nyingi bila shida. Je, bado nihesabiwe mwanafunzi?

Mkono wako unalijua kasia, lakini mwili wako haujakutana na maji ya nyuzi joto 5 au 6, na hapo ndipo mambo yanapobadilika. Nile ya Jinja ni pana, ina kina na maji yake ni ya uvuguvugu. Dart ni mwembamba na umejaa mawe ya matale. Mtu akitumbukia ghafla katika maji baridi kiasi hicho, hutweta bila kujizuia kwa dakika moja hivi, na pumzi moja ikivutwa chini ya maji inatosha kumzamisha. Katika dakika hiyo usishindane na mto: shikilia kayaki yako, uso uwe juu, uache pumzi itulie. Baada ya hapo una kama dakika 10 kabla vidole havijaishiwa nguvu za kushika kamba. Wengi huogopa kuganda, ilhali joto la ndani ya mwili huchukua nusu saa au zaidi kushuka hadi kiwango cha hatari. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila anayeanza, nawe ukiwemo, aingie majini kwa hiari yake karibu na ukingo, penye maji yaliyotulia, akiwa amevaa vifaa vyote, kabla kundi halijaondoka.

Nivae nini?

Acha jinzi na fulana za pamba nyumbani, kwa sababu pamba ikilowa hunyonya joto la mwili. Vaa sufu au nguo za sintetiki, suti ya mpira, koti lisilopitisha maji, helmeti, viatu vyenye soli ngumu, na jaketi la kuokoa maisha lililokazwa mikanda.

Ninaongoza vijana wa kanisa. Basi limeshalipiwa, lakini mvua imenyesha usiku kucha. Tuahirishe?

Ndiyo, ahirisheni, hata kama wazazi watanung'unika. Udongo wa Dartmoor ukishalowa hauwezi kunywa maji zaidi, kwa hiyo mto hujaa ndani ya saa chache, yale maji matulivu nyuma ya miamba mliyotegemea kupumzikia hutoweka, na matawi ya ukingoni huingia ndani ya mkondo. Mti uliolala mtoni hupitisha maji na kumzuia mtu, kama dema linavyomzuia samaki, na mwanafunzi hana ujuzi wa kuukwepa. Tarehe 22 Machi 1993 vijana wanne walifariki katika safari ya kayaki huko Lyme Bay. Ilikuwa baharini, lakini baridi na ugeni wa vijana wenyewe ni ule ule. Msiba huo ulileta sheria ya mwaka 1995 iliyoanzisha leseni kwa vituo vinavyouza michezo ya aina hii kwa walio chini ya miaka 18, nawe una haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo. Siku ya mafuriko wapeleke vijana kwenye mfereji au bwawa.

Mwenzetu akipinduka, tuanze na yeye au na kayaki yake?

Anzeni na yeye, kayaki isubiri. Mwenyewe alale chali, miguu ikitangulia na ikiwa juu ya maji, wala asijaribu kusimama penye mkondo, maana mguu ukinasa kati ya mawe maji humlaza kifudifudi. Walio ukingoni wamrushie kamba. Akishatoka, mpeni nguo kavu zilizobebwa na kiongozi ndani ya mfuko usiopenya maji, si zile zilizoachwa garini, kisha mmwangalie: anayetetemeka sana, aliyenyamaza ghafla au anayeshindwa kufunga zipu yake asirudi majini, bali atembezwe hadi barabarani akiwa na mtu wa pili. Na kwa kuwa Desemba jua la Devon huzama muda mfupi baada ya saa 10 jioni, kundi la wanaoanza liwe limeshaingia mtoni kabla ya saa 5 asubuhi.