Bendi ya matarumbeta, picha na sauti za rekodi: jinsi ya kuzioanisha

SWALI: Ninafundisha bendi ya vijana ya matarumbeta na klarineti hapa Nyamagana, Mwanza. Ninatunga muziki wa dakika nane juu ya Masala Kulangwa, shujaa wa hadithi ya Kisukuma, na zimwi Shing'weng'we, ukiambatana na michoro ya projekta na sauti zilizorekodiwa katika faili moja. Kila tukifika katikati bendi huachana na rekodi, na sauti zenyewe hazilingani. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu mwalimu, hayo ni matatizo mawili yenye vyanzo tofauti. Bendi huachana na rekodi kwa sababu umeziweka dakika zote nane katika faili moja, nayo haiwasubiri wapigaji wanaovuta pumzi. Ukitaka kubaki na faili hilo, mwongozaji avae kisikizi chenye mdundo wa kuhesabia, na mwendo ukokotolewe mapema: kwa mapigo 72 kwa dakika, mchoro wa sekunde 30 huchukua mapigo 36. Mimi ningeigawa rekodi katika vipande vifupi, na msaidizi anayefuata noti akiwa kwenye kompyuta aanzishe kila kipande kwa ishara ya mwongozaji, ili picha ndiyo iifuate bendi.

Kuhusu ulinganifu, rekodi iliyopimwa kwa A ya hezi 440, yaani noti ya kulinganishia ala, haibadiliki, ilhali sauti ya ala za kupuliza hupanda kadiri hewa iliyomo ndani yake inavyopata joto, jambo lisiloepukika katika ukumbi wa bati alasiri. Kuvuta mirija nje kidogo husaidia, lakini ni afadhali zaidi kurekodi sauti zisizo na noti maalumu. Hadithi yenyewe inakupa moja nzuri mno: mama mjamzito wa Masala alinusurika kwa kujificha kwenye makapi, basi rekodi ungo ukipepeta nafaka, kisha uongeze mawimbi ya ziwa yakipiga mawe.

Zimwi linapomeza watu na mifugo, nyamazisha ala kundi baada ya kundi, tuba zikiwa za mwisho, hadi ibaki klarineti moja ya sauti ya chini juu ya mpepeto huo. Nakusihi usikiruke kisa cha bibi aliyekatwa sikio Masala alipolipasua zimwi kuwatoa waliomezwa, kwani watunzi wengi wangekimbilia shangwe. Mpe bibi huyo tarumbeta moja iliyotiwa kizibo mdomoni ili sauti ififie, ikilalamika katikati ya bendi nzima inayorejea. Ngoma za Kisukuma zipigwe jukwaani badala ya kurekodiwa, na kabla ya kuandika midundo yake nenda Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ukawasikilize wapigaji wenyewe.