Maswali ya mbio za ramani: mafua, malaria na visugulu vinavyofanana

Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya asubuhi inashika Lubumbashi, na barua za wakimbiaji wa mbio za ramani, mchezo wa kutafuta vituo vyenye bendera porini kwa ramani na dira, nazo zinakuja zikikohoa. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimezipunguza. Jina lililo mwisho wa kila swali ni komine ya hapa mjini.

Niko na mafua tangu juzi, koo inawasha, homa sina. Jumapili tunaenda upande wa Kipopo. Niende? (Kampemba)

Nenda, lakini kwa kutembea. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani pua, koo na chafya, dakika 30 za mwendo unaoruhusu maongezi hazitakudhuru. Dakika 10 za kwanza zikikuacha mzito kuliko ulivyoanza, rudi nyumbani. Na chupa yako ya maji usigawe na mtu.

Jana homa ilifika 38,5. Nimemeza parasetamoli, imeshuka. Mbio ni kesho. (Katuba)

Hapana. Na anayetaka kuniandikia swali hili tena wiki ijayo, jibu litakuwa hilihili. Parasetamoli inashusha joto, haifukuzi ugonjwa. Ndani bado kuna vita, na virusi vingine vinaweza kuingia hadi kwenye msuli wa moyo. Mchezo wetu unalijua hilo kuliko mingine: kati ya 1979 na 1992, wakimbiaji 16 vijana wa mbio za ramani huko Sweden walikufa ghafla. Kadhaa kati yao walikutwa na uvimbe wa msuli wa moyo. Shirikisho lao lilisimamisha mashindano ya juu kwa miezi kadhaa na kuwafundisha watu wasikimbie wakiwa na maambukizi. Hawakuwa wazee, wala hawakuwa wavivu wa mazoezi.

Basi: ngoja saa 24 kamili bila homa na bila kidonge. Kisha hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima asubuhi, kabla hujainuka kitandani. Yakizidi kawaida yako kwa 10, siku hiyo ni ya kupumzika. Ukiwa umelala siku 4, fanya siku 4 nyepesi kabla ya kukimbia kwa kasi. Kifua kikibana, moyo ukirukaruka au kizunguzungu kikikushika ukikimbia, usimalize njia. Muone muganga.

Sasa kitandani nifanye nini, nitasahau kila kitu? (Kamalondo)

Kukimbia hakusahauliki kwa wiki moja. Kusoma ramani hata hukujifunza vizuri, ndiyo maana unapotea ukiwa mzima. Chora njia ya vituo 10 kwenye ramani ya 1:10 000. Kwa kila mguu wa safari, yaani kutoka kituo kimoja hadi kingine, andika mambo matatu: pa kuanzia shambulio la mwisho (mahali rahisi kupaona, karibu na kituo), kitu kitakachokusimamisha ukipitiliza, na mahali pa kukosea. Kisha funika ramani, uchore mguu huo kwa kichwa. Dakika 20 zinatosha. Watu wa hapa kwetu pa tambarare wanasoma vibaya mistari ya kimo, kwa hiyo tafuta pia ramani ya milima, hata ya Bukavu.

Nimemaliza dawa ya malaria, lakini kipimo cha haraka bado kinaonyesha ndiyo. (Ruashi)

Kipimo hicho kinatafuta protini ya kijidudu, na mabaki yake yanaweza kukaa damuni wiki kadhaa baada ya kupona. Omba kile cha darubini, goutte épaisse. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni damu yako: malaria inavunja chembe nyekundu. Ukihema kwa kupanda ngazi chache, pima hemoglobini kwanza. Na wewe unayeacha dozi mbili za mwisho kwa sababu kichwa kimetulia, dozi za artemether-lumefantrine ni 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta. Zote.

Serumu ya mkononi (dripu) itanirudishia nguvu haraka? (Kenya)

Kama unaweza kunywa, kunywa.

Tangu niugue ninakosa vituo kwenye visugulu (vichuguu vya mchwa). Dira ni ileile, ramani ileile. (Katuba)

Mguu wako si uleule. Mtu aliyetoka kitandani anapiga hatua fupi bila kujua. Tuseme ulikuwa unahesabu hatua mbilimbili (kila mguu wa kulia ukigusa chini) 42 kwa mita 100, sasa unahitaji 47. Kwenye mguu wa safari wa mita 300 unahesabu 126 na kusimama, lakini umefika mita 268 tu. Ongeza kosa la digrii 5 kwenye dira, tayari uko mita 23 pembeni. Porini kwetu, umbali huo unakuweka mbele ya kisugulu kingine, kirefu vilevile, chenye miti vilevile juu yake, na unaanza kukizunguka ukitafuta bendera ambayo haipo.

Pima mita 100 kwa kamba, tembea mara tatu, kimbia mara tatu, andika wastani nyuma ya dira. Rudia kila wiki mpaka namba itulie. Tena usianzie shambulio kwenye kisugulu: anzia njia panda au ukingo wa shamba, mita 100 au chini ya hapo. Njia za wachoma makaa usiziamini, zinahama kila mwaka.

Tumbo limeendesha siku 2, nimenunua sipro (antibiotiki, siprofloksasini) famasi. Nikimbie lini? (Kampemba)

Nani alikuandikia? Dawa za jamii hiyo zinaweza kudhoofisha kano, hasa ya kisigino, hata kuikata, na hatari inaweza kubaki majuma baada ya kidonge cha mwisho. Mwambie muganga kwamba unakimbia. Kwa sasa: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukiona damu kwenye choo, nenda kituo cha afya leo.

Dira niliyoletewa kutoka Ubelgiji, sindano inagota. (Kamalondo)

Sindano imesawazishwa kwa nusu ya kaskazini ya dunia. Huku kusini upande mmoja unavutwa chini na kukwaruza sahani. Tafuta ya kanda yetu au ya dunia nzima. Na simu uiondoe kwenye mfuko huohuo.