Birdsong ya BBC: kwa nini inawaliza wengine na kuwaboa wengine

Wakuu, mleta uzi ameuliza mambo mawili. Kwanza, inakuwaje tamthilia ya Birdsong (BBC, Januari 2012, vipande viwili) mmoja anaiita kazi ya kipekee, na mwenzake anasema ni watu wawili wazuri wanaotazamana mpaka pazia linashuka? Pili, aanze na riwaya au na tamthilia? Najibu yote mawili, na onyo mapema: mwisho wa hadithi nautaja. Asiyetaka kuharibiwa utamu aishie hapa.

Kwa ambao hawajaiona: Stephen Wraysford, kijana wa Kiingereza, anapelekwa Amiens, Ufaransa, mwaka 1910, kujifunza kazi za kiwanda cha nguo cha Azaire. Anafikia nyumbani kwa tajiri huyo na kumpenda mkewe, Isabelle. Wanatoroka pamoja. Isabelle anashika mimba, anaondoka bila kumwambia kitu. Miaka sita baadaye, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Stephen ni ofisa wa jeshi la Uingereza kwenye mahandaki ya Somme, kilomita kama 30 tu kutoka mji uleule. Riwaya ni ya Sebastian Faulks, ilitoka 1993. Skripti ya televisheni kaandika Abi Morgan, kaongoza Philip Martin, steringi ni Eddie Redmayne na Clémence Poésy.

Ugomvi wa watazamaji unaanzia kwenye mpangilio wa matukio, na wengi wanaogombana hawalioni hilo. Riwaya, kwa habari za Stephen, inakwenda na kalenda. Sehemu ya kwanza yote ni Amiens ya 1910, kurasa kama mia hivi, na vita haijatajwa. Unakula na familia ya Azaire, unamsikia mume akimpiga mkewe usiku, unaona mgomo wa wafanyakazi na Isabelle akiwapelekea chakula wenye njaa. Halafu unageuza ukurasa na uko chini ya ardhi mwaka 1916. Hakuna daraja. Stephen mwenyewe hamtaji Isabelle kwa muda mrefu, na ukimya ule ndio unaouma.

Televisheni imefanya kinyume. Imeanzia vitani, kisha inarudi Amiens kwa kisengere nyuma, inarudi tena kwenye tope, inarudi tena Amiens. Sababu inaeleweka. Ukimpa mtazamaji dakika 60 za mwanzo za chai, bustani na magauni, nusu yao watabadilisha chaneli kabla bunduki haijalia. Lakini mbinu hiyo ina bei yake. Mapenzi yakishakuwa kumbukumbu ya askari aliyechoka, Isabelle anaacha kuwa mwanamke mwenye maamuzi na kuwa picha ndani ya kichwa cha mwanamume. Kumbukumbu hazina maongezi mengi. Zina mwanga wa dirishani, shingo, mkono juu ya meza. Hapo ndipo yalipozaliwa yale macho yanayolalamikiwa.

Kwa hiyo anayesema "wanatazamana mno" hajakosea, na anayesema "macho yao yanasema kila kitu" naye hajakosea. Wanaangalia uamuzi uleule wa mwandishi wa skripti. Mimi niko upande wa walalamikaji kwa theluthi mbili. Redmayne ni fundi wa uso uliotulia, na kwenye mahandaki utulivu ule unafanya kazi: askari aliyeona mengi hakunji uso kila bomu likipiga. Ila uso uleule ukiupeleka 1910, kwa kijana wa miaka 20 anayewaka kwa tamaa, unabaki kama mtu anayesubiri basi. Poésy anajitahidi zaidi kwa sababu amepewa kidogo zaidi.

Hapa kwetu kuna mchezo mmoja wa kuchekesha. Muvi za kutafsiriwa na DJ zimetuzoesha kwamba ukimya ni nafasi ya mtu kuingiza maneno. Birdsong ukimpa DJ ataijaza vizuri tu, na ataiua, maana kinachotokea kinatokea pale ambapo hakuna anayeongea. Kama huna subira na ukimya, tamthilia hii itakuchosha, na hilo si kosa lako.

Sasa upungufu mkubwa, ambao wasomaji wa riwaya wanaushikia bango: mjukuu ameondolewa. Kwenye kitabu kuna mkondo mwingine wa miaka ya 1978 na 1979. Elizabeth, mjukuu wa Stephen, anaanza kumtafuta babu yake. Anakwenda kwenye mnara wa Thiepval, ule uliozinduliwa 1932 wenye majina zaidi ya 72,000 ya wanajeshi wasio na kaburi linalojulikana, na anashangaa hakuna aliyewahi kumwambia. Anatafutiwa mtu wa kufumbua daftari za babu zilizoandikwa kwa alama za siri. Mwisho anajifungua mtoto wa kiume na kumwita John.

Jina hilo si la bahati. Jack Firebrace, mchimbaji wa chini ya ardhi, alikuwa na mtoto aliyeitwa John aliyekufa kwa dondakoo nyumbani Uingereza wakati baba yuko vitani. Jack na Stephen wanapofukiwa pamoja chini ya ardhi, Stephen anamwahidi mtu anayekufa kwamba atazaa kwa niaba yake. Ahadi ile inalipwa miaka 60 baadaye na mtu ambaye hata hakumjua Jack. Ukimtoa Elizabeth, deni la Jack halilipwi. Tamthilia inafunga kwa Stephen kukutana na binti aliyezaa na Isabelle. Ni mwisho mzuri, una machozi yake, lakini umerudisha kila kitu kwa wapenzi wawili. Kitabu hakikuwa kimeishia kwao.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Kwa saa tatu kasoro, sidhani. Mikondo mitatu (1910, vita, 1978) ingekuwa vipande vinne angalau. Na tukubaliane, hata kwenye riwaya kurasa za Elizabeth ndizo wasomaji wengi huzipitia mbiombio: maofisi, bwana mwenye mke, maongezi ya jioni. Kumtoa ilikuwa hesabu sahihi. Kosa ni kwamba dakika zilizookolewa zimerudishwa kwenye chumba cha kulala badala ya kushushwa chini ya ardhi.

Huko chini ndiko Birdsong ilikotofautiana na hadithi nyingine za mapenzi vitani, na ni huko nitakaa kidogo. Firebrace kabla ya vita alichimba njia za treni za chini ya London. Watu wa kazi hiyo walichukuliwa kuanzia mwaka 1915 kuunda vikosi vya wachimbaji, na walikuja na ufundi wao wa kuchimba kwa teke. Mtu analala chali juu ya ubao wenye umbo la msalaba uliosimikwa kwa mshazari wa kama digrii 45, miguu ikielekea ukuta wa mbele. Kati ya nyayo zake kuna koleo jembamba lenye ncha. Anasukuma kwa miguu yote miwili, udongo unabanduka kama kipande cha sabuni. Nyuma yake wa pili anajaza udongo kwenye magunia, wa tatu anakokota kwa kitoroli. Hakuna sururu inayogonga, kwa hiyo adui hasikii.

Ila ufundi huo ni wa udongo wa mfinyanzi, kama ule wa Flanders, upande wa Ubelgiji. Somme ni chokaa. Ukipiga teke kwenye chokaa unaumia kifundo. Kule La Boisselle, kijiji cha Somme, wachimbaji walifanya kazi peku, sakafu imetandikwa magunia, wakibandua jiwe kwa singe zilizofungwa mipini, na mwenzao akilidaka kabla halijaanguka. Kisha baruti inapakiwa mwisho wa njia, chini ya adui, na nyuma yake magunia yanashindiliwa mita nyingi, la sivyo mlipuko unarudi ulikotoka badala ya kwenda juu. Na kuna ndege: kanari kwenye kizimba, maana hewa ya sumu inayobaki baada ya mlipuko haina harufu, na ndege huanguka kabla ya mtu.

Mtazamaji akijua haya, Julai mosi 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme, inabadilika machoni pake. Baruti ya wachimbaji chini ya kilima cha Hawthorn Ridge ililipuliwa saa 1:20 asubuhi, shambulio likaanza saa 1:30. Dakika kumi zile ziliwatosha Wajerumani kutoka mashimoni na kupanga bunduki zao. Jeshi la Uingereza lilipoteza watu 57,470 siku ile, kati yao 19,240 waliuawa. Kwenye skrini unaona wanaume wanasimama, wanatembea, wanaanguka. Kwa nini wanatembea badala ya kukimbia, na kwa nini upande wa pili uko tayari, huelezwi. Ndiyo maana baadhi ya watu wanaiona sehemu ile kama vita ya kawaida ya muvi.

Kuna mdau hapo juu kasema "vita ya wazungu, sisi inatuhusu nini". Nimjibu kwa ufupi: ni vita ileile iliyowabebesha babu zetu mizigo kutoka Taveta mpaka Ruvuma. Kariakoo imepewa jina na Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Hao hawakuandikiwa mapenzi ya televisheni, na hoja yake ingekuwa na nguvu zaidi kama angeianzia hapo.

Swali la pili sasa. Usianze na kitabu kizima. Ukifanya hivyo utatazama tamthilia ukihesabu walichokata. Soma sehemu ya kwanza tu, Amiens 1910, halafu funga. Zingatia siku ya mtumbwi kwenye bustani za majini, joto na harufu ya kuoza, maana mto ule ni Somme wenyewe na kamera haibebi harufu. Kisha tazama vipande vyote viwili, ikiwezekana usiku mmoja, kwa sababu kurudi nyuma na mbele kunachanganya ukiacha wiki katikati. Usitumie simu mchana: chini ya ardhi kuna giza kweli na utaona weusi mtupu. Tumia televisheni au laptopu, taa zimezimwa, na spika za masikio, kwani Firebrace kazi yake nusu ni kusikiliza na wewe utatakiwa usikilize naye. Ukimaliza, rudi kwenye kitabu uendelee na 1916. Ukifika kwa Elizabeth na ukaona anachosha, ruka daftari na bwana wa mtu, lakini usiruke Thiepval, na usiruke kurasa za mwisho.