Kabla ya kusema ni jeni kandamizi, thibitisha kipande bado kipo

Kipande cha DNA kinachohama kikijipachika ndani ya jeni au jirani yake, si lazima kiivunje. Mara nyingi huvuruga tu namna jeni hiyo inavyosomwa, na ndiyo maana jeni nyingine kabisa, hata iliyo kwenye kromosomu tofauti, huweza kuondoa madhara yake bila kugusa herufi moja ya DNA mahali palipoingiliwa. Hiyo ndiyo jeni kandamizi. Lakini kiumbe aliyerudia hali ya kawaida hajathibitisha lolote bado. Huenda kipande kimetoka chenyewe.

Mfano mzuri kuliko yote wa kujifunzia ni y2, mutesheni ya yellow (jeni ya rangi nyeusi) ya nzi wa matunda, Drosophila melanogaster. Gypsy, ambayo ni kipande kinachohama chenye urefu wa jozi za besi zipatazo 7,500, imejipachika jozi 700 hivi kabla ya mahali jeni ya yellow inapoanza kusomwa. Ndani ya gypsy mna eneo la jozi kama 350 lenye sehemu 12 ambazo protini ya su(Hw), itokayo kwenye jeni ya jina hilo, hushikamana nazo. Protini ikishakaa hapo, vichochezi (vipande vya DNA vinavyoamsha jeni) vya rangi ya mwili na mbawa, vilivyo ng'ambo ya gypsy, havifikii promota, yaani mahali usomaji wa jeni huanzia. Kichochezi cha vinyweleo kimo ndani ya introni (sehemu ya jeni inayokatwa kutoka kwenye RNA), upande wa pili, kwa hiyo hakizuiwi. Ndipo unapata nzi mwenye mwili wa njano na vinyweleo vyeusi. Ukiiharibu su(Hw), kizuizi huondoka na rangi hurudi. Zingatia hilo: kinachokandamiza mutesheni ni kukosekana kwa protini, si kuwapo kwake. Nakala moja nzima ya su(Hw) inatosha kudumisha rangi ya njano, hivyo ukandamizaji huu ni fichu: huonekana pale tu nakala zote mbili zimeharibika.

Umepata dume wa y2 aliyerudia rangi nyeusi? Mpandishe na majike wa y2 wenye su(Hw) nzima, kwenye nyuzi 25, kisha kagua madume na majike wa kizazi kipya kila kundi peke yake. Wote wakiwa njano, una kandamizi fichu; wapandishe wao kwa wao na utegemee robo ya wajukuu kuwa na rangi, yaani kama 50 kati ya 200. Majike wakiwa na rangi na madume njano, badiliko limo kwenye kromosomu X ya baba, na dhana ya kwanza iwe kwamba gypsy imetoka. Wote wakiwa na rangi, fikiria kandamizi tawala (nakala moja inatosha) iliyo nje ya X. Usihesabu nzi waliotoka kwenye pupa asubuhi ile ile: rangi haijakomaa, na utawaandika njano wasiokuwa njano.

Kisha PCR, yaani kuzidisha kipande cha DNA ili kionekane. Usijaribu kuvuka gypsy nzima kwa kimeng'enya cha kawaida. Ni ndefu mno, na kukosa mstari kwenye jeli hakutakuambia kitu. Tumia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) mbili za yellow zinazozunguka mahali pa kujipachika, pamoja na ya tatu iliyo ndani ya gypsy. Hiyo ya tatu isikae kwenye mrudio wa mwisho (mfuatano ule ule ulio kila mwisho wa gypsy), wenye jozi takriban 480. Gypsy ikitoka kwa miisho yake kuungana, mrudio mmoja hubaki, na praima iliyokaa humo itakuonyesha kipande "kipo" wakati kizuizi kimekwisha kuondoka.

Jaribu pia y1, mutesheni nyingine ya yellow, ambayo ni badiliko la herufi moja kwenye kodoni ya kuanzia. Ukosefu wa su(Hw) hauiponyi. Kandamizi yako ikiiponya, haishughuliki na gypsy. Upande wa kutunza, majike wasio na su(Hw) kabisa ni tasa, basi hifadhi ukoo juu ya TM6B, kromosomu ya kusawazisha inayozuia mutesheni isipotee.

Usidhani kila kandamizi hufuata njia hiyo. Kwenye v1, mutesheni ya vermilion (jeni ya rangi ya macho ya nzi), kipande kinachohama kiitwacho 412 kimo katika eksoni (sehemu inayobaki kwenye RNA) ya kwanza. Jeni nyingine, su(s), ikiharibika, RNA iliyokatwa kipande hicho hubaki kwa wingi wa kutosha kutenda kazi. Kwenye hamira, mutesheni nyingi za jeni za SPT hurudisha mahali pa kuanzia usomaji wa HIS4 (jeni ya kutengeneza histidini) iliyovurugwa na mabaki ya Ty, kipande kinachohama cha hamira, na seli huota bila kupewa histidini. Kwa hiyo pima ukubwa wa RNA, usipime wingi pekee.

Kwa panya, tahadhari ni ya ukoo. Mutesheni ya vibrator, iliyotokana na IAP (kipande kinachohama cha panya) ndani ya introni ya jeni ya Pitpna, hupunguza RNA ya jeni hiyo karibu mara 5 na kuleta mtetemeko. Aina ya jeni ya Nxf1 iliyo katika panya wa ukoo wa CAST hupunguza makali hayo, na nakala mbili hupunguza zaidi ya moja. Ukichanganya koo, pima Nxf1 ya kila panya kabla ya kulinganisha ugonjwa, kwa kuwa ndugu wa uzao mmoja wanaweza kutofautiana.