Siku tano kuzunguka milima ya Rwenzori, Uganda: zitatosha?

Hazitoshi, ndugu. Kutoka Nyakalengija, kijiji cha kuanzia safari, hadi kurudi hapohapo, panga siku saba, na moja ya akiba ukilenga kilele cha Margherita (mita 5,109). Wanaobana ratiba hutoka kibanda cha John Matte (mita 3,505) na kupitiliza hadi kibanda cha Elena (mita 4,541) siku hiyohiyo. Usiku kichwa kinagonga, wanatapika, asubuhi wanashushwa. Lala kwanza Bujuku, kibanda kilicho kati ya hivyo viwili.

Viatu vya ngozi viache kambini, vaa gambuti. Ziwe za kukaza kisigino, soksi nene juu ya nyepesi, maana tope la bwawa la Bigo njiani huvua buti iliyolegea. Mfuko wa kulalia uviringe kwenye plastiki mbili. Ukilowa haukauki tena. Nenda Juni–Agosti au Desemba–Februari, mvua hupungua, ingawa haiishi.