Mwanangu, kuhusu ile siku pale Askari

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na leo asubuhi nikamsomea mama yako akiwa anachambua mchele. Tumefurahi kwamba mmekwenda Dar na kurudi Dodoma salama, na kwamba wajukuu wangu wamepanda treni ya umeme, safari isiyofika hata saa nne. Mambo haya yanataka nafasi, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono badala ya kukupigia. Barua atakuletea jirani yetu anayesafiri Jumatatu.

Umeuliza kwa nini ile Desemba ya 1987 tulisimama pale kwenye sanamu ya Askari muda mrefu kuliko tulivyokaa baharini, na kwa nini mimi, niliyekuwa naeleza kila kitu njia nzima, pale nilinyamaza kimya. Unasema watoto wamekuuliza sanamu ile ni ya nani ukakosa la kuwaambia, ila unaukumbuka mkono wa babu yako juu ya lile jiwe. Nitakujibu. Hili nilipaswa kukwambia siku nyingi.

Kwanza ujue kwamba safari ile ilikuwa ya babu. Ninyi mlidhani ni yenu na sisi tukawaacha mdhani hivyo. Alikuwa na miaka kama sabini na mitano, hajawahi kushuka pwani, na mtoto wa jicho alishaanza kumfunga. Akaniambia, "Nipeleke Dar ningali naona japo vivuli." Nikauza mbuzi wawili, tukapanda treni hapa Tabora, daraja la tatu, watu sita na kikapu cha mama yako. Kilomita zaidi ya mia nane. Pale Saranda babu alitambua stesheni kwa harufu ya kuku kabla treni haijasimama, akatoa pesa yake mwenyewe akawanunulia. Naona hilo hujalisahau, maana umeliandika.

Dar tulifikia kwa shangazi yako Ilala. Tulikwenda Makumbusho ya Taifa, ukaogopa meno ya lile fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Tulipanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, mdogo wako akalia hataki kushuka. Hayo yote unayajua.

Siku ya tatu tulikwenda soko la Kariakoo. Tukiwa chini ya yale mapaa yanayofanana na miavuli iliyopinduliwa, nikaanza ualimu wangu: nikawaeleza kwamba Waingereza walipoiteka Dar kutoka kwa Wajerumani, Septemba 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wapagazi wa jeshi lao walipiga kambi eneo hili. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na watu wakalitamka jina wawezavyo, likawa Kariakoo. Ninyi hamkunisikiliza, macho yenu yalikuwa kwenye maembe. Babu ndiye aliyesimama. "Wapagazi walikaa hapa?" Nikasema ndiyo. "Na wameandikwa wapi?"

Baba yake babu yako alichukuliwa upagazi mwaka huohuo wa 1916. Hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari zake. Babu alikuwa na miaka kama minne, na kitu pekee alichobaki nacho ni miguu: mtu anatoka mlangoni alfajiri, miguu peku, na vumbi kwenye visigino. Sura hakuikumbuka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsikia akilitaja jambo hili mara moja tu maishani.

Ndipo nikakumbuka sanamu. Tukatoka Kariakoo kwa miguu, jua la saa saba, mpaka Mtaa wa Samora. Yule askari wa shaba unamjua, ameinama kidogo, bunduki na singe mbele kuelekea bandarini. Babu hakumtazama askari hata kidogo. Alipapasa kitako cha sanamu mpaka akafika penye maandishi, akaweka kiganja. Jiwe lilikuwa la moto, nami nikamwambia, "Baba, utaungua." Hakuutoa mkono. Akakuita wewe, kwa utani wake wa kila siku, "Haya mchumba, nisomee."

Ulikuwa darasa la nne. Ulisoma kwa sauti ya kusoma mbele ya mwalimu mkuu, watu wakapunguza mwendo. Ulisoma kwamba ni ukumbusho wa askari wenyeji wa Afrika, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Ukamalizia kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Babu akakurudisha hapo mwisho, ukasoma tena. Kisha akauliza, "Majina yako upande gani?" Wewe ukazunguka sanamu yote, ukarudi ukasema, "Babu, hakuna majina." Akakaa kimya kidogo, halafu akalitaja jina la baba yake kwa sauti kubwa, kama anavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Sasa kuhusu mimi kunyamaza. Nilikuwa najua jambo ambalo sikutaka kulisema. Sanamu ile waliiweka Waingereza, mwaka 1927, kwa ajili ya waliomtumikia mfalme wao. Pale mwanzo palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, wakaiondoa. Na huku kwetu mwaka ule Waingereza hawakuwa wenye nguvu: Tabora ilikuwa mikononi mwa Mjerumani mpaka Septemba, ikatekwa na jeshi la Wabelgiji. Kwa hiyo aliyembebesha mzigo babu yangu hakuwa Mwingereza, na jiwe lile halikuwekwa kwa ajili yake. Maneno yalinifika kooni. Nikautazama ule mkono, nikayameza.

Yalinisumbua. Nilijiona nimemdanganya baba yangu mzazi, tena mimi ninayelipwa kufundisha historia.

Tukiwa njiani kurudi, usiku, tumeshapita Morogoro, ninyi mmelala juu ya mizigo, yeye mwenyewe akaanza. "Unadhani sijui? Mama aliniambia. Waliomchukua ni wa Mjerumani, walikuwa wanakimbilia kusini. Ile sanamu ni ya Waingereza." Treni ikaenda kitambo. Kisha akasema, "Ya wapagazi wa Mjerumani iko wapi, mwanangu, nikaishike?"

Sikumjibu. Nilimfunika shuka miguuni, maana dirisha lile lilikuwa halifungi.

Alifariki miaka minne baadaye, macho yameshafunga kabisa. Hakuniuliza tena, ila wageni walipokuja alipenda kuwaambia kwamba mjukuu wake alimsomea Dar, mjini kabisa, watu wakasimama.

Basi watoto wakikuuliza tena, usiwapunguzie kitu kama nilivyofanya mimi. Waambie sanamu ni ya nani, nani aliiweka, na nani hayumo. Umri wao unatosha, yule mkubwa ameshanizidi hata maswali. Na mkishuka Dar tena wapeleke asubuhi, jiwe halijapata moto, wasome wenyewe ule upande wa Kiswahili.

Jina la babu yangu nimeliandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa, na chini yake jina la kijiji alikotoka. Mama yako anakusalimu, anauliza kama mchele ulifika wote.

Baba yako